Namba Saba

Baba hakuwa dereva. Naanza na hilo,
maana watu wakisikia garimoshi huuliza dereva tu.
Dereva alikuwa Lufungulo, mwenye kofia na saa ya mfukoni.
Baba alisimama nyuma yake, kifua wazi,
akiilisha Namba Saba kuni
kama mtu aliyepata mkwe asiyeshiba.

Iliondoka kiwandani Kaliua gizani,
mabehewa tisa matupu yakigongana kama sufuria,
ikazunguka mbuga, ikazama porini
juu ya mataruma ya mkurungu.
Jioni ilirudi imeinamia mzigo:
mninga unaovuja utomvu mwekundu,
muyombo, mtundu,
na mara nyingine gogo lenye mzinga
ungali umefungwa kwa kamba ya gome,
nyuki wake wakilifuata behewa
maili mbili, maili tatu,
kisha wakakata tamaa.

Mwenye mizinga, Nkwabi, alikuja kudai.
Karani akamwandikia kipande cha karatasi.
Alikitunza mpaka kikawa laini kama kitambaa.
Hakulipwa.

Sitaki kuipamba.
Cheche zake zilikula tumbaku ya Nyamizi, ekari nzima,
na kidole cha baba kilibaki kwenye mlango wa tanuri
mwaka ule mvua zilipogoma.
Lakini mama aliujua mlio wake pale darajani,
miwili mifupi, mmoja mrefu,
akainjika maji ya ugali papo hapo.
Hata sasa, haoni tena,
ikifika saa kumi na mbili kasorobo
mkono wake hupapasa sufuria.

Msitu ukarudi nyuma kuliko reli ilivyoweza kuufuata.
Kiwanda kikafunga. Reli zikang'olewa,
zikawa nguzo za mageti ya watu.
Namba Saba ikabaki ilipozimia,
kwenye banda lisilo na bati,
nasi watoto tukaichuna: geji, nati, kioo cha taa.
Mimi nilichukua mpini wa firimbi.
Nakiri.

Ikaja enzi ya chuma chakavu.
Lori kutoka Tabora mjini, mitungi ya gesi,
na kijana mchangamfu, Mabula,
aliyelipima boila kwa hatua, akataja bei.
Mwenyekiti alikuwa tayari anatafuta kalamu.
Mabula akawasha mwali, akaugusisha kwenye mlango wa tanuri.

Hakuna ajuaye walihamia lini.
Walitoka kwenye bomba, mlangoni, katika kila tundu la ribiti,
walitoka kama mvuke
uliosubiri miaka ishirini na sita.
Lori liliondoka mlango mmoja wazi.
Mitungi ya gesi tunayo mpaka leo.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama Kalunde, mjukuu wa Nkwabi:
"Hicho si chuma chakavu. Hicho ni mzinga,
na mzinga una mwenyewe."
Akaikunjua ile karatasi.
Mtendaji akaandika kwenye muhtasari, mkono ukisitasita.

Basi tumegawana. Yeye nyuki, mimi kutu.
Nasugua kwa brashi ya waya toka magurudumuni hadi kwenye pistoni,
napaka oili chafu ya gereji ya pikipiki.
Juu ya hapo si kwangu, na nimeumwa vya kutosha kulijua hilo.
Namba nimeiandika mwenyewe; saba yake imepinda.
Mpini wa firimbi niliurudisha, usiku,
nisionekane.

Wageni huuliza kama asali ina ladha ya grisi.
Haina. Ina ladha ya muyombo,
ya mti uleule,
sasa unaletwa kidogo kidogo, bila tiketi.

Mwezi wa sita, giza likikaza, Kalunde hufungua tanuri,
huwasha gome kavu, hutupia majani mabichi.
Moshi hujikokota ndani ya tumbo la chuma,
hukohoa, hupata njia,
hutoka kwenye bomba lake la zamani.

Lufungulo huletwa kwa baiskeli, nyuma, kashikiliwa pande zote.
Asali haonji, daktari kamkataza.
Huutazama ule moshi,
huchomoa saa iliyokufa zamani, huitikisa sikioni.
"Imechelewa," husema.